Funza Wenye Miguu

Mama alikuwa amekwisha kuamua kurudi Bukavu. Tiketi ya Julai niliikata mimi mwenyewe, huku nimenuna, kwa sababu aliniambia nisipoikata ataomba watu wa kanisa wamsaidie. Alikuwa amekaa nami hapa Brussels, mtaa wa Jette, majira mawili ya baridi, tangu baba alipofariki na mimi nikahangaika na makaratasi hadi akaruhusiwa kuja. Nilidhani nimemwokoa. Yeye alikaa dirishani na kitenge magotini, akawatazama watu wanaokimbilia tramu, na ukimuuliza hali anajibu, "Niko." Basi, yameisha.

Nilimbembeleza kwa kila njia. Nilimweleza hali ya kule, kana kwamba haijui kunishinda. Nilimuuliza nani atamwangalia, ni mdogo wake wa Kadutu, mle mle Bukavu, ambaye hata ngazi za kwake mwenyewe zinamshinda? Siku moja nililia mbele yake, mimi mtu mzima ninayeosha wagonjwa hospitalini na kuwaambia wajikaze. Alinisikiliza mpaka mwisho, akanipa kitambaa. "Bon," akasema, "panguza kamasi kwanza."

Ndipo maman mmoja wa kanisa letu alipohamia Liège akaniachia kipande chake cha bustani. Kilikuwa mbali, kusini kabisa mwa Brussels, kwenye mteremko ulio kando ya njia ya treni, karibu na pale msitu unapoanza. Kutoka Jette ni metro, kisha basi, kisha miguu. Ukubwa wake haukuzidi sebule yetu. Nilikichukua kwa hila, sifichi. Nilijiambia kwamba mama yangu akishika udongo atasahau ndege.

Akaushika kweli. Tangu Machi akawa anakwenda karibu kila siku, peke yake, na kadi yake ya usafiri ikining'inia shingoni. Alipanda maharagwe na lengalenga, ule mchicha wa kwetu, ndani ya vikopo vya maziwa ya mgando hapa nyumbani, na kule akaanza kusafisha. Sasa, kusafisha kwa mama yangu si mchezo. Kwetu shamba lenye mti uliooza ndani yake ni shamba la mvivu, na watu wakipita watalisema. Udongo lazima ubaki mtupu, hakuna jani, hakuna kijiti. Alipofika upande wa chini, akakuta magogo ya zamani yaliyozikwa nusu ili kuzuia mteremko usiporomoke, yale mataruma yanayolazwa chini ya reli. Yalikuwa yamelainika kama mkate uliolowa. Hakuna mtu aliyekuwa amemwambia asiyaguse, na mimi pia sikujua.

Siku hiyo ya Aprili nilirudi kutoka kazini alasiri. Kwenye ngazi tu nikasikia harufu ya mawese yanayochemka, nikadhani ni ya jirani wetu wa Burundi. Nikafungua mlango, na jikoni alikuwamo mama, amejifunga kitenge kiunoni, anaimba wimbo wa kanisani kwa sauti ya chini. Nilisimama na koti langu mwilini. Kwetu mama akija kukaa kwa binti yake hashiki sufuria. Watu wakisikia kwamba mama ndiye anayepika na binti anakula, wewe binti umekwisha, jina lako litazungushwa kutoka Matonge, mtaa wa Waafrika wa hapa, mpaka Molenbeek. Kwa hiyo tangu aje nilikuwa nimemfukuza jikoni kila alipojaribu kuingia. Siku ile sikumfukuza. Nilikuwa sijamsikia akiimba tangu mazishi ya baba.

Ndani ya sinki kulikuwa na beseni limefunikwa. Akanifunulia kama mtu anayefunua zawadi ya harusi. Funza. Wanene, weupe wa maziwa, wengine wakubwa kuliko kidole gumba changu, wamejikunja. Watu wa Kinshasa huwaita mpose, wale funza wanaopatikana ndani ya mngazi, yaani mchikichi, uliooza, na mama yangu alizaliwa msituni, upande wa Shabunda, ambako chakula hicho huwekewa mgeni wa heshima. Niliwahi kumnunulia wa barafu kule Matonge, akawaonja, akasema hawa wamekufa mara mbili. Sasa alikuwa amepata wazima. Alikuwa amewabeba kutoka bustanini kwa basi na metro, beseni mapajani, akapita kituo cha Schuman, penye ofisi za Ulaya, katikati ya wenye suti na laptopu zao, na hakuna aliyeuliza kitu.

"Osha wale wa mwisho," akaniambia. "Polepole, usipasue."

Nilikuwa navua koti alipoanza kuosha mwenyewe, kwa kukosa subira. Akamtoa mmoja majini, akamweka kiganjani, akamgeuza kuelekea dirishani. Wimbo ukakatika.

"Hii iko na maguu," akasema.

Nikasogea. Ni kweli. Karibu na kichwa, kichwa chenyewe rangi ya chungwa kinachong'aa, kulikuwa na miguu midogo sita. Mama akachukua mwingine, na mwingine. Wote. Funza wa mngazi hana mguu hata mmoja, akanieleza, ni mfuko wa mafuta tu wenye mdomo. Akamsogeza yule wa kwanza sikioni, akanipa na mimi nisikie. Alikuwa akisugua miguu yake, na sauti ikatoka, kwaru kwaru, nyembamba, kama mtu anayekwangua ukoko wa ugali kwa mbali sana. Mama akanyoosha mkono akazima jiko.

Niseme kweli yangu: mimi nilitaka ale. Kwa miezi mama alikuwa akiacha nusu sahani, na sasa mate yalikuwa yamemjaa mdomoni, nami nilikuwa tayari kuwafumbia macho funza wale na miguu yao. Nikamwambia akaange tu, mdudu ni mdudu, mafuta yatamaliza yote. Alinikata jicho.

"Uko mutoto wa nani, wewe?" akauliza. "Sisi hatukulaka kitu chenye hatujue."

Akafunika beseni. Akasema tuwarudishe. Nikasema kesho. Akasema leo. Tukatoka hivyo hivyo, mimi na viatu vya kazini, yeye na beseni lake, na ndani ya metro nikatoa simu nikaanza kutafuta: funza mweupe, kichwa cha chungwa, gogo bovu, Brussels. Haikuchukua muda. Ni watoto wa dundu mkubwa kuliko wote wa Ulaya, mweusi na kahawia, dume lake lina kitu kichwani kama pembe za kulungu, na hapa mjini sheria inakataza kumgusa, kumhamisha, hata kuharibu anapolala. Nilimsomea mama kwa sauti ya chini, ile sehemu ya sheria nikairuka. Yeye akaniuliza pembe ni za nini. Nikasoma tena, nikamjibu kwamba si pembe hata, ni mataya, lakini hayatafuni kitu.

"Taya lenye halitafune?" Akatingisha kichwa. "Soma mbele."

Tulipofika, mzee anayesimamia bustani zile alikuwa amesimama kwenye kipande chetu. Ni Mflamandi mrefu, mstaafu, anayevaa buti za mpira hata kukiwa na jua. Alikuwa akitazama mataruma ambayo mama alikuwa ameyang'oa na kuyapanga vizuri pembeni yakauke, ayachome. Shingo yake ilikuwa nyekundu. Akaniuliza kwa Kifaransa kama tunajua tulichofanya. Kabla sijafungua mdomo, mama alimpa beseni.

Akafunua, akavaa miwani, akainama. Kisha akauliza tulikuwa tunataka kuwafanya nini. Uongo ulikuja wenyewe mdomoni, kwamba mama aliwaokoa, kwamba aliogopa ndege watawala. Lakini mama alikuwa ananitazama. Nikasema tulitaka kuwala.

Mzee alitafuta ndoo, akaigeuza, akaikalia. Halafu akauliza, kwa heshima zote, kama ni watamu. Nikamtafsiria mama. Mama akasema mwambie hatujui, wa kwetu ndio watamu, hawa wako na maguu. Nikatafsiri hilo pia. Yule mzee akaanza kucheka, mabega yanamtikisika, na hasira yake ikabaki haina pa kukaa.

Ndipo maswali ya mama yalipoanza, na mimi nikawa mtumwa wao wawili, nikipeleka Kifaransa huku na Kiswahili kule. Wanakula nini? Mti uliooza tu, ule ulio chini ya udongo, na lazima uwe umeoza sawasawa. Mti mzima hawauwezi. Kwa nini mataruma? Kwa sababu mteremko huu unapigwa na jua, udongo una joto, na watu wa zamani walizika magogo haya bila kujua kwamba wanajenga nyumba ya mtu. Na wakubwa wanakula nini? Karibu hakuna. Dume lina ulimi mdogo kama brashi, hulamba utomvu wa mwaloni wenye kidonda, basi. Yale mafuta aliyojiwekea utotoni ndiyo yanayomtunza wiki chache za kuruka, kupigana na madume wenzake, kutafuta jike. Jike lina mataya mafupi, lakini hayo ndiyo yanayouma. Jike hurudi chini ya ardhi kutaga karibu na gogo, mara nyingi pale pale lilipotoka lenyewe. Kisha wanakufa, kiangazi hicho hicho.

Mama akauliza wanakaa chini muda gani kabla ya kutoka. Mzee akasema inategemea gogo na baridi, lakini miaka minne, mitano, wengine sita.

Mama akafungua pindo la kitenge chake, mahali anapofungia funguo, akatoa kitu akakiweka juu ya goti la yule mzee. Lilikuwa dundu lenyewe, dume, pembe zake kamili, rangi ya kahawa iliyoiva, limekatwa katikati. Alisema alilikuta ndani ya donge la udongo gumu kama chungu. Alipiga donge kwa jembe, likapasuka, na kitu hicho kilikuwa kimelala ndani kimekunja miguu. Hakuwa ameniambia. Mzee aliligeuza kwa ncha ya kidole. Akaeleza kwamba hilo lilikuwa limekwishamaliza yote. Lilishageuka tangu vuli, lina mbawa tayari, likawa linangoja tu joto la Juni.

Nilitafsiri, na nilijuta kwamba nilitafsiri. Mama aliketi chini kwenye udongo wake aliousafisha.

"Miaka yote ile ndani ya giza," akasema. "Ilibakia miezi mbili, na mimi nikamukata na jembe."

Mzee akakohoa. Akasema kuna kanuni, anayegusa magogo ananyang'anywa kipande. Hapo kichwa kikaniwaka moto. Nilimwona akilini mama amerudi dirishani, na Julai inakuja bila kitu cha kumshika. Nikamwomba yule mzee atuachie hadi mwanzo wa Julai tu, kwani mama yangu anaondoka, anarudi kwao, baada ya hapo achukue. Mama aliuliza nimesema nini. Nilipomwambia, alinigeuzia mgongo, na nilijua nimemkosea ingawa sikujua wapi. Mzee akasema atafikiri. Kwanza tuwafukie.

Tulifanya kazi mpaka jua lilipozama. Mzee alionyesha jinsi ya kusimamisha gogo, nusu ndani, nusu nje, na mama akashika kazi kana kwamba amezaliwa nayo. Alikusanya ule unga mwekundu wa mti uliooza kwa viganja, asiache hata punje, akautandika chini kama mtu anayetandikia mtoto. Akawalaza funza mmoja mmoja, wakubwa kwa wakubwa, wadogo kwa wadogo. Taruma moja la mwisho kabisa hakuwa ameling'oa, akaliomba msamaha kwa Kirega, lugha ya kwao Shabunda. Nami nilishika taa ya simu tu.

Baada ya siku kadhaa mzee alinipigia. Kipande kibaki kwa mama, ila kona ile ni juu yake: pasichimbwe, pasifagiliwe, paka na kunguru wasisogee. Nilimwambia mama. Akaitika kwa kichwa, akavaa viatu.

Basi Mei yote ikawa hiyo. Alijenga uzio wa vijiti kuzunguka kona, akaninunulisha wavu. Lengalenga ikaota ng'ambo, magugu yakajaa kwenye kona, na yeye, mwanamke wa shamba safi, akayaacha. Watu wa vipande vya jirani walimzoea: yule bibi wa Kiafrika anayegombeza kunguru. Jioni aliniamuru nitoe simu nisome. Alitaka kujua kwa nini dume ni kubwa na jike dogo, wanaonaje gizani, nani huwafundisha wakati wa kutoka ikiwa mama zao walikufa zamani. Hilo la mwisho simu haikuwa na jibu zuri. Alilifikiria siku tatu, akisimama katikati ya kuosha uso na kusema, "Lakini nani anabaambia?" Mimi nilifurahi na kuumia kwa pamoja, maana sanduku alikuwa amekwisha kulishusha kabatini, na kila mara alikunja kitu kimoja akakiweka humo.

Jioni moja ya Juni, joto, lile jua la huku lisilotaka kulala, mzee alituita tuje. Tuliketi watatu kwenye ndoo. Chini ya lile taruma ambalo halikuguswa udongo ulitikisika, ukatikisika tena, na pembe zikatangulia. Dume lilitoka polepole sana, limejaa vumbi, likasimama kama mtu aliyeingia chumbani akasahau alichofuata. Lilipanda gogo, likaanguka chali, likapigapiga miguu hewani. Mama alilinyooshea kijiti, likakishika, akaligeuza. Likafungua mgongo. Sikuamini kitu kile kinaweza kuruka, na sidhani kwamba chenyewe kilikuwa na hakika. Lilinyanyuka wima, miguu inaning'inia, kwa kelele za pikipiki mbovu, mfano wa mtu anayepandisha kabati ngazini, likagonga wavu wa mama, likapanda tena, likaelekea kwenye miti ya mwaloni ng'ambo ya reli.

Mama alicheka. Alicheka hadi akashika mbavu, na mzee akacheka, na mimi nikaangalia pembeni kwa sababu macho yalikuwa yamejaa.

Alipotulia, aliniambia nimuulize mzee wale wadogo kabisa wa kwenye beseni, wale wa ukubwa wa punje ya maharagwe, watatoka lini. Mzee akasema hao bado sana. Kama hatukuwaumiza, kama magogo yatawatosha, labda miaka minne mingine, labda mitano. Ndani ya metro mama alifumba macho njia nzima. Nilidhani amechoka.

Asubuhi nilikuwa kwenye ukumbi mdogo navaa viatu vya kwenda kazini, nikamsikia jikoni akimrekodia mdogo wake ujumbe wa sauti. Anazungumza na simu kwa nguvu, kama inabidi sauti ifike Kadutu kwa miguu.

"Ndugu yangu, Julai usiningojee. Na mwaka yenye inakuja, usiningojee. Nilivunja nyumba ya batoto, sasa niko nabachunga. Bale badogo bako na miaka tano chini ya udongo. Nikitoka, nani atafukuza kunguru?"

Nilipaswa kuruka kwa furaha. Badala yake wivu ulinipanda, wivu wa funza, Mungu anisamehe. Niliingia jikoni na kiatu kimoja.

"Maman," nikasema, "mimi nililia hapa hapa. Nilikuomba. Ukakataa. Leo unabaki juu ya madudu?"

Aliweka simu mezani. Hakukasirika. Alinitazama vile anavyotazama udongo kabla ya kuamua apande nini.

"Uliniomba nikae," akasema. "Na nilikuwa nakaa. Kila siku nilikuwa nakaa tu. Bale bamenipa kazi."

Nilivaa kiatu cha pili nikaenda kuosha wagonjwa wangu, na siku nzima nilikuwa nikiwakatiza wale wanaotaka kujifunga vifungo wenyewe, kisha nikawa najizuia, nangoja wamalize, wakichukua muda wowote. Jioni nilipotoka nilipita mbele ya duka ninakonunua mboga, sikuingia. Nilifika nyumbani mikono mitupu, nikavua viatu, nikaketi mezani, nikamuuliza mama leo tunakula nini.